Mafundo Saba Ndani ya Usukani

Al Quoz, Dubai
4 Mei 2025

Mwanangu Kondo, mwenye jina la baba yangu,

Assalamu alaykum. Nakuandikia nikiwa mzima, ila kifua kidogo, kwa ajili ya ile mitambo ya baridi kwenye mnara wa Marina tunakofagia. Nje joto la kuchemsha uji, ndani baridi ya kuhifadhia samaki, na sisi tunaingia na kutoka mchana kutwa. Nyumbani Mlingotini hawajambo. Bibi yako mguu umepungua uvimbe, na shangazi yako anasema mvua imewaharibia mihogo. Proscovia mwenzangu wa chumbani anakusalimu. Tangu uondoke amehamia kitanda cha pembeni yangu, na nimegundua kwamba hata kukoroma anakoroma Kiganda.

Utashangaa kupata barua na simu ipo. Kwenye simu tutasalimiana, hilo lipo palepale. Lakini chumbani tuko sita, na ujumbe wako wa sauti nikiufungua wanausikia wote mpaka yule wa dirishani, tena wanaujibu kabla yangu. Shule yangu unaijua, iliishia darasa la nne, ila kalamu haipigi kelele. Ukinijibu tumia sanduku la posta la kampuni. Andrew wa ofisini ataniletea, ingawa kwa wakati wake anaoujua mwenyewe.

Sasa la moyoni. Hizo baiskeli za changarawe mnazoongozea wageni, Badawi ananiambia hazipiti barabara ya lami, zinapita msituni na kando ya mifereji. Mwanangu, kwani lami wamenyimwa? Mtu ana uwezo wake, anaacha barabara iliyonyooka, anapanda ndege kwenda kutafuta mawe ya kumtikisa meno. Mlipokuwa mnafanyia mazoezi Hatta sikusema kitu, kwa sababu kule ni mlima mtupu na jua, mtu akianguka anaonekana. Msitu ni habari nyingine. Msitu una siri zake.

Ile baiskeli yako ya kijani unaipanda wewe mwenyewe? Usibadilishane na mtu. Usiniulize kwa nini. Ukiipanda hiyo nitalala.

Badawi anakuja kunijulia hali kila Ijumaa kama ulivyomwagiza. Amekufundisha ufundi, sasa ananitunza mimi. Mtoto wa watu wa Mombasa, ana adabu kuliko wengine niliowazaa mwenyewe, nawe unajua nimekuzaa peke yako.

Kula. Vaa sweta hata kama wenzako hawakuvaa.

Mimi mama yako,
Mwanamkasi


Clamecy, Ufaransa
21 Mei 2025

Mama, shikamoo.

Barua yako imenikuta mzima wa afya, nimevaa sweta. Wenzangu hawakuvaa.

Nikueleze huku. Mfereji wenyewe ulichimbwa zamani ili magogo ya kuni yapelekwe Paris kwa maji. Kando yake kuna njia ya changarawe nyeupe, walikuwa wakipita farasi wakiivuta mashua kwa kamba. Sasa tunapita sisi. Kila baada ya mwendo kuna milango ya maji: mashua inaingia, mlango unafungwa nyuma yake, maji yanajaa, inapanda taratibu kama mtu ndani ya lifti. Bibi mmoja anayekaa kwenye nyumba ya mlangoni anatuuzia mayai ya kuchemsha na hatusalimii mpaka tumsalimie sisi kwanza, nikasema huyu angeweza kuwa wa Mlingotini. Msitu hauna chui wala nyani. Una ukungu, miti mikubwa iliyoshikana juu, na matope yanayonata kwenye mnyororo kama unga wa ugali. Jumatatu maduka ya mikate yote hufungwa, siku hiyo tulishinda na tende za Arbab Elias, tajiri wetu.

Wageni ni kumi na wawili, wote wa Dubai. Arbab yuko mbele, mimi ni mkia, nabeba tiubu, spoki na spana, nainua walioanguka.

Mama, kuna aliyeanguka. Madam Jumana, mteja mmoja anayekaa Marina. Baiskeli yake na yangu ni pacha, kijani ileile, saizi ileile ndogo. Ilikuwa siku ya tatu, tunateremka kutoka msituni kuingia njia ya mfereji. Changarawe ilikuwa imelowa, gurudumu la mbele likateleza, akaangukia bega. Mtulinga umevunjika, ule mfupa wa hapa chini ya shingo.

Nilipoinua baiskeli yake nikaona kizibo cha mwisho wa usukani kimeruka. Unajua usukani ni bomba, ndani tupu. Kwenye tundu kilikuwa kinachungulia kitambaa cheusi. Arbab akakivuta. Kikatoka kifurushi cha ukubwa wa kidole gumba, kimezungushiwa uzi mwekundu wenye mafundo saba.

Madam Jumana alipoyaona yale mafundo aliacha kulia kwa maumivu, akaanza kulia kwa hofu. Anasema ni sihri, kuna mtu amemfanyia ili aanguke. Arbab ni Mkristo wa Lebanon, hayo hayaamini, lakini nilimwona amekishika kwa ncha za vidole.

Aliyezikagua baiskeli zote na kuzifunga kwenye maboksi ni Badawi. Na wanakumbuka mwezi wa tatu madam alimlalamikia kwa ajili ya breki, Arbab akamkaripia mbele ya wateja. Basi wamesema ni yeye, kisasi. Amesimamishwa kazi. Mwezi wa saba Arbab akirudi Dubai ndipo ataamua kama ni kumfutia visa au kumpeleka polisi. Hapo Dubai uchawi ni kesi, unajua.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu na kile kifurushi kuliko wote. Nilikiona vizuri.

Mama, una lolote la kuniambia?

Mwanao,
Kondo


Al Quoz
8 Juni 2025
(Hii sikuituma.)

Kondo, ni mimi.

Nimeandika hayo maneno matatu nikakaa nayo mpaka chai imepoa. Proscovia ameniuliza kama nimefiwa.

Ni Ijumaa ile niliyowaletea pilau pale karakana, kabla ya safari. Mlikwenda msikitini mkaniambia mama tulindie. Baiskeli za kijani zilikuwa mbili zimesimama pamoja, na mojawapo kofia yako ilikuwa imetundikwa kwenye usukani. Kwetu mwanamume akitundika kofia yake mahali, pale pana mwenyewe. Baba yako alitundika kofia kwenye mwimo wa mlango wetu siku ya kwanza na hakuna aliyeuliza tena huyu ni nani. Mimi nitajuaje kwamba wewe unatundika kofia kwenye kazi yoyote uliyonayo mkononi?

Nilikuwa nimekishona ndani ya basi la kampuni, siku tatu, kwenda Marina na kurudi, mikono nimeifunika kwa mtandio. Ndani habasoda na chumvi ya mawe, hakuna kingine. Nilichomoa kizibo, nikasukuma kwa kijiti cha mshikaki, nikarudisha. Kisha nikakaa nikawasubiri mle pilau, nimetulia kabisa. Ndiyo maana nilikuambia usibadilishane.

Wewe nilikuapia. Ulikuwa darasa la tatu. Mwalimu alikukata hirizi shingoni kwa mkasi mbele ya wenzako, wakakuita mganga mpaka ukamaliza shule. Ulikuja nyumbani hujalia, ukaniambia, "Mama, apa hutanivisha tena." Nikaapa, mkono wangu ukiwa kichwani kwako. Miaka kumi na minne nimekaa na kiapo kile. Halafu mtu ananiambia msitu, mifereji, mwanangu anakuja nyuma peke yake hakuna anayemwona akianguka. Kikanishinda.

Na hili sijui nilimwambie nani. Niliposoma kwamba aliyeanguka ni yule mwanamke, kitu cha kwanza moyo wangu ulichosema ni alhamdulillahi, si Kondo. Mwanamke wa watu amevunjika mfupa, mimi nashukuru. Hata machozi yalikuja baadaye, tena yalikuja kwa kujihurumia.

Badawi nimemwona juzi. Sikusema. Naogopa polisi, naogopa kampuni, naogopa kurudishwa. Lakini zaidi ya hayo yote naogopa uso wako.


Al Quoz
10 Juni 2025

Mwanangu Kondo,

Eid yako iwe ya kheri, japo imepita. Huku tulisali na Waganda, Wakenya, Wazanzibari, kila mtu na kanzu yake, na chakula kilikuwa kingi kuliko walaji. Proscovia ni Mkristo lakini alikula kama aliyefunga. Barua yako ilifika siku mbili kabla, Andrew alikuwa ameikalia.

Nimefurahi kusikia habari za mfereji na yule bibi wa mayai. Msalimie, mwambie nami ningemngoja mtu anisalimie kwanza.

Pole yake huyo madam. Mfupa wa bega unauma. Tunamwombea.

Umeniuliza kama nina la kukuambia. Ninalo. Usilale na soksi zilizolowa. Na hayo maji ya mfereji usiyanywe hata kama wenzako wanayaona safi.

Badawi alikuja siku ya Eid na halwa. Hakuingia, alikaa kizingitini kwa adabu yake, akasema, "Mama, mimi sijui hata hicho kitu kinafananaje, nimeambiwa tu. Niombee." Nimemwombea. Nilimwombea kweli, Kondo, mpaka yeye akasema inatosha.

Mungu anamjua mkweli.

Mama yako


Clamecy
27 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, naitafuta hiyo habari. Nimekuta halwa, nimekuta soksi. Basi nitasema mimi.

Nilikijua tangu kilipochungulia. Wewe ukishona, kila hatua ya tatu unairudisha sindano nyuma. Foronya, mifuko ya sare zangu za shule, kapu la bibi, vyote vina mshono huo. Nilikijua kabla Arbab hajakigusa. Akaniuliza, "Kondo, hiki nini?" Nikamwambia, "Sijui, sir."

Wamesimama watu kumi na wawili na kofia zao ngumu kichwani, wananitazama, na kile kitambaa kiko kati yetu. Mara nikamwona yule mwalimu na mkasi wake. Mwanamume mzima, Mama, na ufundi wangu, na mvua ya Ufaransa inaninyeshea, lakini nilikuwa na miaka tisa. Ningesema lolote.

Arbab alipotaja jina la Badawi nilikuwa naondoa matope kwenye mnyororo. Nikaendelea kuondoa. Ulikuwa umeshatakata.

Badawi ndiye aliyenifundisha kukaza spoki kwa kuisikiliza mlio. Alinipa godoro lake mwezi wangu wa kwanza Dubai, yeye akalala juu ya maboksi.

Sasa nakuomba hivi. Usiseme kitu. Mwezi wa tisa Arbab ananiandikia mkataba wa hapa, ameahidi. Badawi ana ndugu zake Deira, atapata pa kushika. Wewe ukisema watakurudisha, au watakufunga, na mimi nitakuwa mtoto wa mchawi kwa Kiarabu, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili nilishakuwa.

Nimeyaandika haya na yananiaibisha, lakini sitayafuta.

Kondo


Al Quoz
13 Julai 2025

Mwanangu Kondo,

Salamu za nyumbani zipo, bibi yako anatembea mpaka kisimani sasa. Za mimi utazipata humu ndani.

Sijapata barua yako tangu ile ya mwezi wa tano. Labda iko njiani, labda umeninyamazia, nami ningekuwa wewe ningenyamaza. Ila jambo limekwisha tokea, na ni haki yako kulisikia kwangu kabla ya kulisikia kwa mwingine.

Kile kifurushi ni changu. Nilikitia kwenye baiskeli niliyodhani ni yako kwa sababu ilikuwa na kofia yako. Nilivunja kiapo nilichokuapia. Niliwahi kukuandikia barua nzima kuhusu hayo nikaificha chini ya godoro. Sasa nayasema kwa mistari mitatu, maana mengine niliyosema ilikuwa kujitetea.

Alhamisi Badawi alikuja. Amekonda. Akasema, "Mama, Arbab amerudi. Kesho baada ya swala ananikalisha kikao karakana, yeye na yule madam. Wanataka nikubali kosa, niombe radhi, wanifutie visa nirudi Mombasa. Nisipokubali ni polisi." Nikamwuliza anataka nini kwangu. Akasema, "Mtu hakai kikao peke yake kama aliyeokotwa. Kwetu ningekwenda na mzee wangu. Hapa sina mtu mzima ila wewe. Huna haja ya kusema kitu, kaa tu upande wangu waone nina mama."

Kondo, nilimjibu nitakuja. Nikamwambia na avae shati lililopigwa pasi.

Tukaenda. Karakana ile umeiacha vilevile, baiskeli zimening'inia kwa magurudumu kama nyama buchani. Arbab alinipa kiti kizuri na chai ya maziwa. Yule Jumana si mtu mzima wala si mbaya. Ana uso wa mtu asiyepata usingizi, na ule mkono anaubeba kama wa kuazima. Arbab akatoa bahasha, akakiweka kile kitu mezani. Nikakiona. Kilikuwa kidogo mno, mwanangu. Kwenye mawazo yangu kilikuwa kimekua.

Arbab akaanza kusema, na Badawi akinigeuzia kwa Kiswahili, sababu Kiarabu changu ni cha ndoo na fagio. "Anasema anakuheshimu kama mama yangu. Anasema anataka kuyamaliza kwa amani. Anasema nikubali tu."

Nikasema, "Waambie ni mimi."

Akadhani sijaelewa. "Mama, wewe kaa tu."

"Waambie ni mimi niliyekishona. Waambie nilidhani baiskeli ni ya Kondo."

Badawi alinitazama, sijui nikuandikie vipi. Si kwa hasira. Alikuwa kama anahesabu. Zile Ijumaa zote, ile halwa, ile dua. Arbab akasema, "Yalla, anasema nini?" Akamwuliza mara mbili. Ndipo Badawi akageuka akawaambia. Alitafsiri neno kwa neno, kama mtu anayesoma tangazo ukutani.

Arbab hakuamini. Akasema watu wa pwani tunajuana, huyu mama anamkinga kijana. Basi nikachomoa sindano niliyokuwa nimeichomeka kwenye mtandio, nikaomba kitambaa. Wakanipa kile cha kufutia minyororo. Nikashona pale mezani, mbele yao, mafuta yananichafua vidole, na jasho linanitoka kwenye baridi ya mashine. Nilishona urefu wa kiganja. Yule mwanamke akavuta kile cheusi akakilaza pembeni, akatazama huku, akatazama huku, kwa muda mrefu.

Akaniuliza kupitia kwa Badawi, "Kwa nini unichukie? Mimi sikujui." Nikamwambia sikuchukii, binti yangu, sikuwa nikijua hata kama upo. Akauliza ndani mna nini, nikamwambia habasoda na chumvi. Akauliza mafundo. Hapo ndipo penye hofu yake, niliona, kwa sababu Qur'ani imewataja wenye kupulizia mafundoni. Nikamwambia ndivyo alivyofunga mama yangu, na sikuwahi kujiuliza kama ni sawa, na nilipoanza kujiuliza nilikuwa nimekwisha kufunga. Kila fundo ni jina la mtu anayemtakia mwanangu heri. Nikayataja. Mama yangu. Baba yangu marehemu. Baba yako marehemu. Shangazi yako. Proscovia, ambaye hana habari. Mimi. La saba, Badawi.

Badawi aliwatajia majina sita.

Jumana akahesabu kwa vidole vya mkono mzima. Akauliza, "Na la saba?"

Badawi akamjibu, "Amesahau."

Sikumsahihisha. Kiarabu kile nilikielewa.

Yule mwanamke akasema maneno ambayo Badawi alinigeuzia polepole. Kwamba siku ile alikuwa anakwenda mbio kuliko uwezo wake, kuwaonyesha wanaume wa mbele. Kwamba alijua changarawe imelowa. Na kwamba kile kitambaa kilipotoka alifarijika, maana kosa lilipata mwenyewe. Akasema polisi haendi. Akasema pia hataki kuniona tena, nami nikaona ni haki yake.

Arbab alimwambia Badawi, "Khalas, Jumamosi urudi kazini." Hakumwambia pole. Badawi akasema, "Asante, sir. Nipe barua ya ruhusa nihamie kwingine." Arbab akashangaa kweli, kama aliyetoa zawadi akarudishiwa usoni.

Kisha Arbab akaniuliza kama wewe ulijua. Nikamwambia hapana. Nikaapa, Kondo, kwa jina la Mungu, mwanangu hajui, na hata alipokiona hakukitambua, mambo haya alishayakataa tangu mtoto. Arbab akakubali. Kazi yako ipo.

Tulitoka pamoja mimi na Badawi mpaka kwenye kituo cha basi. Nikasema nisamehe mwanangu. Akasema, "Basi lako hilo, mama." Nikapanda.

20 Julai

Barua hii haikuondoka, Andrew alikuwa likizo na ofisi ilifungwa. Leo amerudi, akaniletea yako ya mwezi wa sita.

Nimeisoma jikoni, nimewapa wenzangu mgongo.

Kwa hiyo niliapa uongo. Sikujua, lakini kiapo hakiulizi kama ulijua. Nimeapa mara mbili katika maisha yangu kwa ajili yako na mara zote mbili imekuwa hivi.

Unaniambia nisiseme kitu, na nimekwisha sema. Hilo lisikusumbue, sikukasirikii. Wewe ulijifunza wapi kunyamaza na kuondoa matope kwenye kitu kilichotakata? Kwangu. Mimi nilikuandikia soksi. Mwalimu yule alikosea, lakini ni mimi niliyekuvisha kitu cha kukatwa, kisha nikakuacha uende shule peke yako siku iliyofuata kwa sababu niliona haya kusimama mbele yake. Hilo hatujawahi kulizungumza. Nilikuwa nyumbani. Sikuwa na kazi yoyote siku ile.

Alasiri Badawi amekuja kuaga. Kazi mpya ameipata karakana moja ya Sharjah. Hakuja mpaka kizingitini, alisimama getini, nikashuka mimi. Barua yako nilikuwa nimeikunja ndani ya mtandio.

Akasema, "Shikamoo, Bi Mwanamkasi." Nikaitika.

Akasema, "Kondo alikitambua?"

Kondo, kinywa kilifunguka. Uongo ulikuwa pale tayari, umeiva. Nikautazama uso wake nikashindwa, na ukweli nao nikashindwa. Nikatazama viatu vyake. Alikuwa amevipiga kiwi. Akangoja mpaka basi la zamu ya jioni likapita lote.

Akasema, "Haya. Nimesikia."

Nikasema angalau aingie anywe maji. Akasema hapana, ana gari la watu linamsubiri. Halafu akasema, "Lile fundo langu lifungue." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeulizia kitu chake alichokiacha kwenye nyumba ya wengine.

Kifurushi ninacho, Arbab alinirudishia. Nimelifungua. Lilikuwa la mwisho kufungwa, kwa hiyo lilikuwa la juu, lakini lilikuwa limekazwa kwa maji na matope ya huko, na macho yangu si yale. Nimechomachoma kwa sindano mpaka limeachia. Uzi wenyewe umebaki umejikunja pale palipokuwa na fundo.

Sitakuambia nini cha kufanya na mkataba wako. Wewe ni mtu mzima, na mimi sina tena mahali pa kusimama nikakuamrisha. Nakuomba moja tu. Anwani ya Badawi ya Sharjah nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Usimwandikie kupitia kwangu, na usimwandikie habari za mama yako, za kwangu anazo. Mwandikie ulichokiona wewe, na ulichomjibu Arbab.

Ijumaa zipo. Akija siku moja kunijulia hali, nitajua umeandika. Asipokuja, sitakuuliza.

Mama yako anayekupenda,
Mwanamkasi